Chumvi ya Ma Bernadetta

Mkolani, Mwanza
30 Novemba 2024

Kwa Baba yangu mpendwa, Ta Bagenda,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii inakukuta unatembea vizuri na goti halikusumbui kama wakati ule wa msiba. Nauliza pia hali ya Shangazi Selina, ambaye tangu Mama aondoke ndiye anayekupikia, na hali ya ule mgomba wa nyuma ya jiko ambao Mama alikuwa akiuliza habari zake kila akipiga simu, utafikiri ni mtoto wake wa kumzaa. Mimi ni mzima. Siku nyingine nalala vizuri. Kandambili zake bado zipo mlangoni. Kila nikifagia nazisogeza, nikimaliza nazirudisha.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu, na sababu unaijua. Simu yako siku hizi anapokea Baba Mdogo Kashaija, anaweka spika, na kabla sijamaliza kukuamkia ameshanijibia maswali yote. Barua hii nimempa Suzana, anayesafiri kuja huko; atakupa mkononi. Naomba uisome mwenyewe, mpaka mwisho, hata ukifika mahali ukatamani kuikunja.

Siku tulipoanua matanga ulisimama mbele ya ndugu ukasema kazi ya kukaanga na kuuza senene aliyoiacha Mama isife, iandikishwe serikalini, na iandikishwe kwa jina la Muganyizi kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume. Mimi niendelee kukaanga. Ulisema binti huolewa akabeba kila kitu kwenda ukoo mwingine. Halafu ukamsifu Mama, ukasema mkeo alikaanga senene maisha yake yote bila kumtia hata mmoja mdomoni, kama wanawake wa zamani walivyolelewa, na kwamba chumvi yake ilipendwa mpaka Mwanza ingawa aliijua kwa kunusa tu. Watu waliitikia kwa vichwa. Mimi nilinyamaza, na Baba Mdogo akatangaza kwamba kunyamaza kwangu ni kukubali. Haikuwa kukubali, Baba. Nilikuwa nimebeba beseni la vyombo vyenu.

Uliniambia nikujulishe tukishamaliza kuandikisha. Basi tumemaliza. Lakini ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Unajua Mama aliuza kwa ndoo na kopo, na waliomfahamu walimfuata wenyewe, kuanzia hapa Mkolani mpaka Kiseke. Hakuwa na karatasi yoyote. Mwaka huu mama mmoja mwenye duka la vyakula Dar es Salaam alionja senene wetu kwenye harusi, akapiga simu, akasema anawataka kwenye pakiti, kila msimu. Ila alitaka kwanza namba ya usajili na leseni. Alisema ladha haina shida, shida ni kwamba serikalini hatumo. Neno hilo lilinikaa. Mama alikuja Mwanza kuuza senene ili Muganyizi asome ualimu Butimba, akabaki hapa mpaka siku aliyofariki, kumbe muda wote huo serikalini hakuwemo.

Nikaenda kwa Queen, binti mwenye stationari karibu na kituo, anayewasaidia watu kujaza maombi kwenye mtandao wa usajili. Aliniuliza nataka kuandikisha nini. Nikamwambia biashara. Akacheka, akasema biashara zina sura tofauti, niketi anieleze.

Alisema ipo njia ya jina la biashara, ya mtu mmoja. Ni rahisi na haichukui muda. Lakini mwenye jina na biashara wanakuwa kitu kimoja: akidaiwa yeye, hata karai la kukaangia linadaiwa. Akifa, biashara imelala pamoja naye, na ndugu wanakaa kugawana. Ipo ya ubia, watu wawili au zaidi, na humo mbia mmoja akiweka sahihi mahali amewafunga wote. Halafu ipo kampuni. Alisema kampuni ni mtu kwa macho ya sheria. Ina jina lake, ina mali yake, inaweza kudai na kudaiwa yenyewe. Wenye hisa wanakuja na kuondoka, mmoja akifariki yenyewe inaendelea.

Nilimwomba arudie hapo. Akarudia. Baba, nilianza kulia palepale, na wateja wamesimama na fotokopi zao. Queen akadhani ananiogopesha, akaniambia nisijali, wengi huanza na jina la biashara. Sikuweza kumweleza. Nilikuwa nafikiria tu kwamba kuna mtu anaweza kutengenezwa kwa karatasi, akakaa pale Mama alipokuwa anakaa, na asife.

Jumapili iliyofuata Baba Mdogo alifika na Muganyizi. Nafikiri alikueleza kwa namna yake. Mimi nakueleza yangu. Alikaa kwenye kigoda cha Mama, nikamtengea sahani ya senene, na tukaanza. Nilipotaja kampuni alicheka mpaka akakohoa. "Kampuni ya panzi! Kwani mmegundua dhahabu humo kwenye ndoo?" Alisema kampuni ni za matajiri, mimi nina masufuria. Akasema tuandike jina la kaka yangu, tena bila kupoteza muda, na kama moyo wangu unauma sana basi tuandike ubia, mimi na Muganyizi, ili nami nionekane.

Nilimuuliza Muganyizi kama anakumbuka friza la Mama. Aliangalia chini. Alilichukua aanzishe biashara ya soda pale Kiseke, na soda zilipokwisha friza nalo likaisha. Nikasema simchukii kaka yangu, nampenda, ila sitaki sahihi yake inifunge mimi. Baba Mdogo akaniuliza mdomo huu nimeutoa wapi, maana nyumbani sikuwa nao. Akasema nikikaidi, yeye ndiye anayetukusanyia senene huko, na msimu huu sitapata hata kopo.

Alisema hayo yote huku anakula. Alipomaliza aliniletea sahani niongeze, akamwambia Muganyizi kwamba angalau chumvi ni ileile ya marehemu.

Nikaijaza ile sahani. Nilikuwa nimesimama, wao wameketi, na nikaona wazi jambo ambalo nilikuwa nikiliona tangu utoto bila kulijua. Sisi tunakamata, tunanyonyoa mbawa na miguu mpaka vidole vinanuka wiki nzima, tunakaanga. Wengine wanakula, halafu wanakaa kuamua karai ni la nani. Nilimwambia Baba Mdogo, kwa heshima zote, kwamba senene hawaulizi shamba la nani kabla ya kutua, na wanawake wa Muleba wanaowakamata nina namba zao. Nimeshawapigia, Baba. Mzigo wa kwanza ulifika wiki mbili zilizopita.

Kuhusu ile hofu yako ya binti kuolewa, Baba, nimeifikiria sana kwa sababu ni wewe uliyeisema. Naweza kuolewa kesho. Lakini kampuni haiolewi. Haina ukoo, haina mume, hairithiwi kwenye kikao cha matanga. Nikienda kwa watu nitakwenda na nguo zangu, yenyewe itabaki Mkolani inakaanga.

Sasa nikwambie tulivyoandikisha, maana nilisema "tumemaliza" na bado sijakutajia mwenzangu. Queen aliniambia twende kwa njia ya wenye hisa wawili. Mtu wa pili si Muganyizi. Ni Paskazia.

Unamkumbuka Paskazia, jirani yetu, yule mama wa Kisukuma mrefu aliyelia kwa sauti kuliko sisi msibani mpaka Baba Mdogo akauliza huyu ni nani. Miaka aliyokaa na Mama kunyonyoa senene siwezi kuihesabu. Mwanzo alikuwa akifumba macho, akisema Wahaya ni watu wazuri ila chakula chao kina miguu mingi. Siku moja aliuliza kwa nini Mama anakaanga senene lakini yeye mwenyewe hawali. Nikamweleza kwamba kwetu senene walikuwa chakula cha wanaume, mwanamke akishakaanga anampelekea mume. Paskazia akasema yeye hana mila inayomkataza panzi, akachota kiganja kizima, akala. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. Mama alipougua, Paskazia ndiye aliyekaanga ili wateja wasipotee, na jioni anakuja kumsugua miguu. Ukoo wetu wote haukufanya hivyo, na mimi na wewe tunalijua hilo.

Basi tulikwenda wote wawili na namba zetu za vitambulisho vya taifa, zile za NIDA. Queen alipofika mahali pa kueleza shughuli za kampuni akakwama, akauliza senene tumwandike kama nyama au mboga. Paskazia akamjibu aandike panzi tu, serikali itajua yenyewe. Mwishowe akaandika usindikaji wa vyakula. Wakili akatusomea katiba ya kampuni, akatushuhudia tukiweka sahihi. Paskazia aliiandika yake polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni kama mtoto wa darasa la kwanza, halafu akaiangalia akasema imependeza. Tulirudishiwa maombi mara moja tukarekebishe anuani. Halafu cheti kikatoka. Namba ya mlipa kodi ya kampuni tumepata, na leseni ya halmashauri nayo tumepata. Jina lake ni Ma Bernadetta Limited. Sasa serikalini yumo.

Sikuandikii kuomba ruhusa, Baba. Wala sitabadilisha. Muganyizi nimemwambia kwamba akitaka kazi, beseni lipo na mbawa zipo, tutamlipa kama tunavyowalipa wengine. Bado hajajibu.

Limebaki jambo moja, na hili sijawahi kumwambia mtu. Hata Paskazia sikumwambia mimi; nilikuta ameshaligundua mwenyewe.

Hakuna mtu anayejua chumvi kwa kunusa, Baba. Mama alikuwa anaonja. Kila karai. Alikuwa anageukia ukutani, anachukua mmoja kwa ncha za vidole, anampuliza, anamla, halafu anatulia kidogo kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Nilipokuwa mdogo nilidhani anasali. Nilipohamia hapa baada ya kumaliza kidato cha nne, alinikuta namwangalia. Hakushtuka. Alichukua mwingine akanipa mimi, akasema nionje nimwambie kama imekolea. Tangu siku hiyo tulikula pamoja, na hatukuwahi kulizungumza, kwa sababu hapakuwa na la kuzungumza. Tulikuwa tunafanya kazi.

Wiki yake ya mwisho hospitalini, aliposhindwa hata uji, aliomba senene. Nilimpelekea wachache kwenye leso. Alitafuna taratibu sana, akaniambia nimwambie Paskazia amezidisha chumvi. Baada ya hapo alisema mengine, lakini hayo ndiyo ya mwisho niliyoyasikia vizuri.

Sikwambii haya ili umwonee aibu. Simwombei msamaha, na mimi sijiombei. Nakwambia kwa sababu ulisimama mbele ya watu ukamsifu kwa kitu ambacho hakikuwa chake, na mimi nataka asifiwe kwa kilicho chake. Wageni wako wote waliosifu sahani ile, nyote mliokula mkafurahi, mlifurahi kwa sababu yeye alikula kwanza. Chumvi ile ilipimwa na ulimi wake. Ndiyo maana nilipofika mahali pa kuandika wenye mali, sikuweza kuandika jina la mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya karai lile. Mkono ulikataa, nami niliuacha ukatae.

Suzana amebeba pakiti mbili za mzigo wetu wa kwanza. Jina la Mama limeandikwa juu, kwa rangi ya kijani aliyoipenda. Moja ni yako. Nyingine ni ya Shangazi Selina. Naomba uiweke mkononi mwake wewe mwenyewe, mchana, mkiwa mmeketi wote wawili. Usimwambie akupakulie. Mwambie afungue yake, ale, halafu akueleze chumvi ikoje. Atakachosema niandikie, hata kama ni kibaya, maana msimu bado unaendelea na tunaweza kurekebisha.

Paskazia anakusalimia kwa heshima nyingi, anasema siku ukija Mwanza atakupikia samaki, maana panzi umekula vya kutosha. Nisalimie Shangazi, na Baba Mdogo pia, nisalimie bila kinyongo. Ule mgomba ukizaa, naomba kichane kimoja kifike kaburini kwa Mama kabla hakijafika mezani.

Ni mimi binti yako, mtiifu katika mengine yote,

Noela