Mti wa Mdomoni

Ijumaa, 17 Machi

Mvua tangu alfajiri. Hakuna mgeni aliyeingia msituni, nimekaa ofisini nasoma kitabu cha maoni. Heri nisingekifungua! Lindelwa, Lindelwa, Lindelwa. "Lindelwa alituonyesha mbawala na mtoto wake." "Tutarudi kwa ajili ya Lindelwa." Jina langu limo mara moja, na wamelikosea.

Miaka kumi na mmoja natembeza watu pwani hii. Huyo nilimpokea mimi, hajui kutofautisha nyayo za mbawala na za mbwa. Nikamfundisha ndege kwa sauti, nikamfundisha bahari. Sasa Bwana Qoboshe, meneja wetu, anatafuta kiongozi mkuu wa waongozaji, na chai anakunywa meza ya nani? Atamtangaza baada ya sikukuu.

Wivu. Haya, nimeandika. Roho inaniuma.

Jumapili, 19 Machi

Bado mvua. MaMpinga kaleta mkate wake wa mvuke, bado wa moto. Mama huyu hukusanya kome miambani kwa kibali, na ulimi wake hauhitaji kibali. "Nokhwezi," ananiambia, watu wote wanasikia, "mwanafunzi kakupita! Begi lake utaanza kulibeba lini?"

Nikacheka. Meno tu.

Jumatatu, 20 Machi

Jua. Bwana Qoboshe kanituma mdomoni mwa mto, nikatazame mafuriko yamefanya nini.

Mto umehama. Pale tunapovukia siku zote, mkabala na jiwe jeusi, nilichomeka fimbo ikazama yote, na mkono juu yake. Kivuko kipya kiko juu zaidi, hatua sitini hivi, maji magotini. Nikavuka, nikarudi. MaMpinga alikuwa miambani, akanipungia.

Sisi waongozaji tuna desturi, haijaandikwa popote. Wa kwanza kuvuka baada ya mvua anaung'oa ule mti wa alama uliochomekwa ukingoni, anausimika penye kivuko kipya. Anayekuja kutoka ng'ambo anaulenga mti, basi.

Nilikuwa nimeushika. Kweli, mikono yote miwili! Simu ikalia — Bwana Qoboshe. Kesho wageni tisa, ataongoza Lindelwa. Mimi nikae getini, nikate tiketi.

Tiketi!

Nikauachia mti. Sikuuhamisha popote, niliuacha ulipokuwa. Nikajiambia nitarudi jioni. Sikurudi. Kwenye daftari la kituo nikaandika: "Nimevuka. Salama."

Lindelwa kanikuta naosha buti. "Dada, mtoni kukoje?"

"Angalia mti," nikasema.

Akanishukuru! Mjinga yule, akanishukuru.

Jumanne, 21 Machi, asubuhi

Sikukuu. Getini tangu saa kumi na mbili. Wameondoka kwa gari hadi mwisho wa pwani, watarudi kwa miguu. Maji yakitoka, saa tatu na nusu, watakuwa mtoni. Hata kituoni hawakupita kusoma daftari, Lindelwa alikuwa na haraka.

Mmoja ni binti wa miaka sita hivi, kofia nyekundu, amekaa mabegani kwa baba yake. Tiketi yake nimeikata mimi. Akaniuliza kama nyani wanauma.

Maji yale yananifika mimi shingoni. Yeye je?

Wageni wengine wamepanga foleni. Wangoje. Naenda.

Jumanne, mtoni

Nimekimbia hadi kifua kinachoma. Nilipotokeza kwenye mchanga sikuthubutu kutazama maji. Nikatazama.

Wako ng'ambo. Wote! Wamekaa chini, wanamenya machungwa. Nimehesabu mara tatu, kofia nyekundu nikaihesabu ya kwanza.

Lindelwa akapiga kelele kutoka kule: "Dada! Nilijua utakuja! Uliniambia niangalie mti. Nimeona uko palepale kwenye jiwe, na mto umehama, nikawaambia wageni, dada Nokhwezi bado hajapita hapa. Angekuwa amepita asingeuacha hivyo. Tumsubiri mwenyewe!"

Mwenyewe, eti. Nimeung'oa mti, nimeusimika hapa juu. Nikawaambia wasubiri robo saa, maji bado yanatoka. Wangeweza kuvuka sasa hivi. Ni mimi ninayehitaji robo saa, nimekaa naandika nyuma ya kitabu cha tiketi.

Bado namwonea wivu. Hata sasa! Nimewaza, mbona ametulia hivyo, mbona ana akili hivyo. Mtu wa namna gani mimi?

MaMpinga yuko miambani na gunia lake. Ameacha kuchimbua kome. Anatazama shimo mti ulipong'olewa pale kwenye jiwe, ananitazama mimi. Sasa anakuja.

Amefika. Ananuka chumvi. Hana utani leo. "Jana ulivuka hapahapa," anasema polepole. "Nilikupungia mkono."

Nimeendelea kuandika ili nisimtazame.

"Nokhwezi. Nasema nilikupungia."

Ng'ambo Lindelwa amevua viatu. Amembeba yule binti mgongoni, kamfunga kwa kanga yake, na anaingia majini bila kupima kwa fimbo. Nilimfundisha apime! Hatazami maji kabisa, ananitazama mimi. "Hapa, dada? Hapa ndipo?" Amenyoosha mkono nimpokee, na MaMpinga hajaondoka, anasubiri nifungue mdomo. Naweka kalamu.