Mikono Niliyoiweka kwa Mabwana Wawili

(Imesomwa na Mama Eschiva uani kwa watawa wa Akka, baada ya misa. Jina la mwandishi limefichwa kwa ombi lake.)

Mama Eschiva, nisaidie, na ujue anayekuomba si mtu wa hivi hivi, mimi ndiye niliyeliokoa jeshi zima la Wafranki kule bondeni kwa sauti yangu tu, Waturuki elfu moja walidhani ni tarumbeta za mfalme wakageuza farasi, muulize yeyote aliyekuwepo, ingawa wengi wao wameshakufa.

Lakini leo naogopa, Mama. Kwa miaka kumi na minane nimekuwa mtu wa Bwana Rohard wa Mitini, nilipiga magoti nikaweka mikono yangu kati ya mikono yake, naye akanipa kijiji cha mizeituni ninamoishi na mke wangu Marsilia. Sasa Kwaresima iliyopita Bwana Rohard na Bwana Isembart wa Kivukoni walikuwa wanakula sahani moja na kuitana ndugu, na mezani Isembart akaniambia, "Mjomba, mtu kama wewe bwana mmoja hakutoshi," akanipa kinu cha maji, nami nikapiga magoti nikaweka mikono kwake pia, Rohard mwenyewe anacheka na kunijazia divai. Yale maneno ambayo kila mtu huyatanguliza, kwamba namwapia huyu bila kuvunja kiapo changu kwa yule wa kwanza, sikuyasema. Niliona yatapunguza sherehe.

Baada ya Pasaka wakamgombea mjane mwenye ngome ya darajani. Rohard alimtaka kwa ajili ya kaka yake, Isembart akamwoa mwenyewe, kisha akapatana na emiri wa Waturuki wa ng'ambo, yule yule aliyemchomea ngano mwaka jana. Juzi asubuhi wajumbe wao wakafika kwangu wakifuatana. Wa Rohard nikamweka sebuleni, wa Isembart kwenye chumba cha kukamulia mafuta, Marsilia akawa anapeleka jibini huku na kule.

"Jumatatu, mzee," akasema wa Rohard. "Farasi na silaha kamili. Asiyefika ananyang'anywa kijiji."

"Mimi nikose? Vita bila mimi ni matembezi."

Nikaenda kwenye mafuta. Yule wa pili alikuwa anatafuna, hana haraka.

"Jumatatu, mjomba. Bwana Isembart anakusalimu. Anasema mtu wa mwisho aliyemchezea alimning'iniza na mkanda wake wa vita kiunoni, ili mkewe asipate taabu kumtambua."

Sebuleni yule mwingine akakohoa.

"Una mgeni?"

"Mjomba wa mke wangu. Ana kifua."

Walipoondoka Marsilia akaniuliza, "Jumatatu utaelekea mashariki au magharibi? Niambie mapema, nijue maiti nikaichukue wapi." Hakuwa anatania. Jana mchana kweupe mbwa alibweka nikajikuta nyuma ya pazia, mimi niliyewakimbiza elfu.

Nimkimbilie nani? Na kuna jambo dogo, hili usilisome kwa sauti. Yule farasi wangu wa vita ninayesema ananusa adui toka maili tatu, aliumia mguu kwenye msafara wa Bwana Rohard wakati wa mavuno, na mpaka leo haukanyagi. Nimemficha zizini. Ninapanda punda wa Marsilia.

MAJIBU

Pole, lakini umejitakia. Jina lako nimelificha, ingawa ulikuwa umeliandika mara nne. Uliyaacha maneno machache kwa sababu ya sherehe, na sasa mkeo anaulizia maiti. Mwombe radhi kabla hujaniomba mimi chochote.

Kamba ya Isembart si hadithi. Yule mtu wa mkanda sisi ndio tuliomzika. Kwa hiyo usiende kwake wewe. Tafuta wapanda farasi wawili wenye heshima, leo, wamrudishie kinu chake na kumwambia kwamba uliapa vibaya, kwa kuwa ulikuwa tayari mtu wa Rohard. Usibakishe hata gunia la unga.

Kisha mtoe farasi zizini. Aliumia katika kazi ya Rohard, na sheria ya nchi hii unaijua: mkabidhi kwa msimamizi wa mazizi wa Rohard, mbele ya mashahidi, na mpaka atakapokupa farasi mwingine huna deni la kupanda kwenda vitani. Akikupa, utapanda, na utakuwa wa bwana mmoja. Siwezi kukuahidi kwamba utazeeka.

Mkokote farasi huyo kwa barabara kubwa, mchana, wewe ukiwa juu ya punda, kila mtu akuone.

Ukaniomba habari ya mguu wake nisiisome kwa sauti. Nimeisoma mara mbili, ili Isembart ajue kwamba kwa sasa huna farasi wa kumpigania Rohard. Mtu wa Isembart hupenda kusimama pale kisimani uani, na sikuendelea mpaka nilipoona ameacha kunywa.