Nyuki si Mnyama

Dada Mwende, nakuomba usimsomee mtu yeyote kadi hii, hata Mama. Nimeifunga ndani ya bahasha makusudi.

Mimi na wauzaji wenzangu tumetoka Nyeri kuja kuuza vipodozi Nanyuki, na baridi ya mlima imenipasua midomo. Lipstiki zetu zimeandikwa “Haina mnyama”, yaani hakuna kilichotoka kwa mnyama, lakini zina nta ya nyuki. Nilipomuuliza bosi, alicheka: “Ati nyuki ni mnyama? Huyo ni mdudu! Wewe bandika lebo.”

Leo mteja aliniambia, “Niapie, dada, hii haina mnyama.” Nikashindwa kuapa, nikamwambia ukweli. Habari zimemfikia bosi, sasa anatafuta aliyesema, na akijua ni mimi nitafukuzwa.

Niombee. Usipige simu ya kazi, bosi ndiye huishika. Mpigie mama wa waru, yule muuza viazi aliye karibu nasi, nambari iko nyuma ya bahasha. Sema unanitaka mimi, Kavata, naye ataniita pembeni.