Kandambili Mlangoni mwa Chumba cha Barafu

KIKUNDI CHA WAMENYA KAMBA, KIPINI
Kikao cha dharura cha kamati, Jumanne 14 Oktoba 2025, saa kumi alasiri, ofisini, ubavuni mwa chumba cha barafu.

WALIOHUDHURIA: Bw. Baya wa Tarasaa (Mwenyekiti), Bi. Mapenzi (Katibu), Bw. Tuneya (Mjumbe), Bi. Truphena (muuguzi, mwalikwa).
HAKUHUDHURIA: Bi. Safiya (Mjumbe), bila udhuru.

KUMB. NA. 1/10/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa dua fupi na lawama ndefu. Alisema Bi. Safiya anadharau vikao. Katibu alimkumbusha kwamba Bi. Safiya hajawahi kukosa hata kimoja. Mwenyekiti alisema tuendelee.

KUMB. NA. 2/10/2025: WANACHAMA KUJITIBU KWA BARIDI
Mwenyekiti alieleza kwamba wenye maumivu ya viungo wanaingia chumba cha barafu kukaa katikati ya kamba wa watu, na mnunuzi wa Malindi amelalamika. Alimtaja Bw. Tuneya kuwa chanzo. Bw. Tuneya alikubali kwamba alitibiwa goti Mombasa kwa kusimamishwa kwenye chumba cha baridi kali, akatoka bila fimbo. "Mimi nilisema nilichoona tu. Sikumtuma mtu akakae na samaki!"

Bi. Truphena alifafanua kwamba tiba hiyo ipo, na huwapunguzia baadhi ya wagonjwa maumivu kwa muda. Lakini hewa yake ni kavu, mgonjwa hupimwa presha kwanza, hukaa dakika mbili tatu, na mtu anamwangalia. "Humu mwenu maji matupu, na hakuna wa kuangalia. Mtauana, jamani."

Katibu alitaka iandikwe kwamba Bi. Safiya, mwenye presha na baridi yabisi ya vidole, alianza kuingia humo baada ya Mwenyekiti kumwambia mbele ya watu kwamba asiyeweza kumenya aachie meza wenye mikono. Mwenyekiti alitaka isiandikwe. Imeandikwa.

KUMB. NA. 3/10/2025: KUFULI
Mwenyekiti alitangaza kwamba mjadala hauna haja. Alikwisha kutia kufuli chumba cha barafu alipokuwa akija kikaoni. Bw. Tuneya aliuliza kwa idhini ya nani. Walijibizana, wote wamesimama. Mwenyekiti aliongeza kwamba nidhamu imekwisha kabisa, hata kandambili amezikuta mlangoni, akazisukuma kando kwa mguu ndipo akafunga.

Bi. Truphena aliuliza ni za nani.

Hapa Kipini mtu huvua viatu kabla ya kuingia chumba cha barafu. Mwenyekiti, miaka yote aliyokaa nasi, huingia na buti zake. Bw. Tuneya alitoka mbio, kiti kikaanguka.

KUMB. NA. 4/10/2025: BI. SAFIYA
Mwenyekiti alishindwa kuingiza ufunguo. Katibu alimnyang'anya. Bi. Safiya alikutwa nyuma ya mlango, midomo imebadilika rangi, ngumi zimechubuka kwa kugonga. Jenereta ilikuwa ikinguruma, nasi tulikuwa tukigombana, hatukusikia. Tunamshukuru Mungu, yu hai. Bi. Truphena alimvua nguo zilizolowa, akamfunika kwa leso, gari la hospitali likaitwa.

Akipakiwa garini, Bi. Safiya aliuliza kama nafasi yake mezani bado ipo. Mwenyekiti aliangalia chini. Katibu alijibu kwamba ipo. Hakuna aliyepinga.

Kikao kilikatika saa kumi na moja kasorobo, hakuna aliyekifunga. Kwenye orodha hapo juu, Bi. Safiya isomeke alihudhuria.

Mwenyekiti: (alikataa kwanza, kisha akatia sahihi) Baya
Katibu: Mapenzi