Mkono wa Kuazima

Chumba cha juu,
Nyuma ya karakana ya mabango.
Jumatano, 8 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote, niambie mikono inaendeleaje, kama bado inatetemeka. Barua yako ya mwisho iliandikwa na mkwe wako, na nilipofika pale uliposema penseli zako zote umewagawia wajukuu, nilikaa chini. Dawa unakunywa kwa wakati? Unakula? Usinijibu "namshukuru Mungu" ukaishia hapo, maana nakujua.

Sisi huku wazima. Goti la Mama linamsumbua kila akipanda ngazi, lakini ulimi hauna dalili yoyote ya uchovu. Bwana Rula, aliyekuwa bosi wako na sasa ni wangu, bado anaweka ile rula ya chuma mfuko wa nyuma, na bado anaikalia kila siku na kuruka kama vile hawajawahi kukutana. Mimi mwili hauna neno, ila roho iko juu juu. Barua hii nimeianza mara nne. Naandika mstari, nainuka, naenda dirishani, nahamisha makopo ya rangi yasiyohitaji kuhamishwa, narudi.

Jambo lenyewe ni lile daftari la michoro.

Uliponitumia, miezi saba iliyopita, uliandika ndani ya jalada kwa mkono wako sheria tatu: kila siku ukurasa mmoja, usimwonyeshe mtu, kufuta marufuku. Ukasema mtu anayenakili herufi za wateja tangu asubuhi hadi jioni lazima awe na mahali pa kuchora vyake, la sivyo siku moja ataulizwa chake kiko wapi na atabaki anajikuna kichwa. Sheria ya kwanza nimeishika. Hata siku nilipokuwa na homa nilichora kijiko cha dawa. Ya pili niliishika mpaka wiki iliyopita, kwa wote isipokuwa Mama, ambaye haombi ruhusa.

Ya tatu, Mjomba, nimeivunja kila siku. Napiga miraba kwanza, kama tunavyofanya karakana tukikuza picha ya mteja, hata kama ninachochora ni kikombe kilicho mbele ya pua yangu. Kisha nachora, nafuta, nachora, nafuta. Nimemaliza vifutio vitatu na penseli bado ndefu. Mama ndiye aliyegundua. "Wewe, mbona kifutio kinaisha kabla ya penseli? Unachora au unapiga deki?"

Nilimcheka. Kurasa zilikuwa safi na nilizipenda.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita zahanati ilileta kazi: ukuta mzima wa chumba wanachosubiria akina mama wajawazito. Hawakuleta mfano wa kunakili. Mkunga mkuu alisema tu anataka picha ambayo mtu anayekaa pale kwa saa tatu hataichoka. Bwana Rula, ambaye kwa miaka sita sijamfanyia kazi nyingine zaidi ya kujaza rangi kwenye herufi, akanigeukia. "Huu wako. Ukimridhisha, kuta zote zitakuwa zako. Ukishindwa unarudi kwenye herufi, na mimi sitakulaumu." Hilo la kutonilaumu ndilo lililoninyima raha.

Nilifungua daftari nikachagua mchoro ninaoupenda kuliko yote: mama amembeba mtoto, shingo imeinama, vidole virefu vimeshika kichwa kidogo. Ijumaa iliyopita nikampelekea mkunga. Aliutazama akatabasamu. "Nzuri sana. Hii si ndiyo ile ya posta?"

Ile ya posta ni yako, Mjomba, uliyoichora miaka ishirini iliyopita.

Nikacheka naye kama mtu mwenye akili timamu, nikatoka, nikaenda posta moja kwa moja. Niliingia kwenye foleni bila barua yoyote mkononi ili nipate sababu ya kusimama mbele ya ukuta wako. Zamu yangu ilipofika ilibidi ninunue bahasha, ndiyo hii. Shingo ile ile. Vidole vile vile. Hata sikio ni lile lile, na pale ndipo nilipokumbuka kwamba wewe uso unauanzia sikioni. Mimi pia. Sikujua kama kuna watu wanaoanzia kwingine.

Nilirudi nyumbani nikalipitia daftari lote kitandani. Kurasa mia mbili na kumi na mbili, na zote ni zako. Hata paka wa jirani ana shingo ya yule mama wa posta.

Niliona haya, halafu nikakasirika, halafu nikaona haya kwa kukasirika. Nilikukasirikia wewe, nisamehe. Uliniita Kasuku nikiwa na miaka mitano kwa sababu nilinakili maandishi ya makopo ya rangi kabla sijajua kusoma, na maisha yangu yote nimedhani ni sifa.

Nilipomwambia Mama alifurahi, fikiria! "Mkono wa kaka yangu haujapotea. Uko kwako." Nikamwambia siutaki, nataka wangu. Akaacha kukunja nguo. "Usije ukamwandikia maneno hayo. Yule sasa amebakiwa na nini?"

Neno hilo limenitembeza chumbani siku nne. Kama mkono wako umebaki kwangu tu, nikiuweka chini nitakuwa nimekufanya nini? Na nisipouweka, wangu nitaupata lini? Nakula nikiwa nimesimama. Juzi nimepaka rangi bango la kinyozi upande wa nyuma, bango zima, mpaka Bwana Rula akaniuliza kama wateja wake watalisoma wakiwa ndani ya ukuta.

Halafu Jumapili nilikuwa najaribu brashi mpya. Unajua desturi yetu, brashi haigusi bango kabla haijajaribiwa kwenye kitu cha kutupa. Kitu changu cha kutupa ni kurasa za mwisho za daftari. Huko napangusia rangi, naandika namba za simu, najaribia wino. Sizihesabu kama michoro. Nikafungua, na katikati ya madoa nikakuta wanawake.

Niliwachora zahanati, zile asubuhi tatu nilizomsubiri mkunga nikiwa benchi la nyuma kabisa. Nilikuwa nachezesha mkono tu. Wote walikuwa wamenipa mgongo na vichwa vimefungwa vitambaa. Sikuona sikio la mtu, kwa hiyo sikuwa na pa kuanzia, nikaanzia chini, kwenye visigino na ndala. Mistari ni minene na imepinda. Hakuna mraba hata mmoja, na kifutio siku hizo kilikuwa nyumbani. Niliwatazama mpaka chai ikapoa. Sikumjua aliyewachora.

Bwana Rula nimemwonyesha leo. Aliugeuza ukurasa juu chini. "Hawana nyuso? Mteja atasema tumeondoka kabla ya kumaliza kazi." Kesho asubuhi ndiyo siku ya mwisho aliyonipa mkunga. Nitampelekea hao hao. Naacha hapa.

Alhamisi

Nimerudi. Naandika kabla hata sijavua viatu, ukiona mwandiko unayumba usinicheke.

Mkunga alivaa miwani akauinamia ukurasa. Nilihesabu vigae vya sakafu mpaka kumi na tisa. Kisha akaweka kidole juu ya mwanamke wa mwisho kushoto. "Huyu mbona hamjamwita? Huyu amefika."

Nikauliza nani.

"Huyu hapa. Tazama alivyopanua miguu, mkono uko kiunoni. Huyu saa moja haimalizi kabla ya kujifungua. Nani alikuwa zamu?"

Nikamwambia taratibu kwamba ni picha. Akanitazama juu ya miwani. "Najua ni picha. Nauliza nani alikuwa zamu."

Mjomba, nilitaka kumkumbatia na nilitaka kukimbia. Hakusema nzuri, hakusema mbaya, wala hakusema ameiona mahali. Aliniuliza tu naanza lini. Naanza Jumatatu. Bwana Rula kwa furaha amesema ataninunulia rula ya chuma ya kwangu, nimemwomba asijisumbue.

Usidhani nimetulia. Ukuta una mita saba, na usiku kucha nitakuwa nikiwaza visigino. Lakini leo nimekula nikiwa nimekaa.

Mama atanigombeza akijua nimekuandikia yote haya. Nimeamua kukuandikia kwa sababu wewe ndiye uliyeniambia nitaulizwa changu kiko wapi, na sikutaka kukujibu kwa kukuficha. Ndani ya kifurushi hiki utakuta ule mchoro wa mama na mtoto. Nimeukata kwenye daftari kwa wembe, polepole, na nililia kidogo. Ni wako. Kila kitu kizuri nilichojua kufanya kabla ya Jumapili ulinipa wewe, nami niliutumia mkono wako miaka yote bila kukuuliza kama utauhitaji tena.

Sasa nakurudishia. Chini ya mchoro kuna daftari jipya, jalada gumu kama la langu, na ndani nimekunakilia zile sheria tatu neno kwa neno. Omba penseli moja kwa wajukuu, waambie ni ya mkopo. Kila siku ukurasa mmoja. Usimwonyeshe mtu. Mstari ukitetemeka uache utetemeke, maana sheria ya tatu umeitunga mwenyewe.

Mama anakusalimu na anauliza kama unavaa sweta. Bwana Rula anakusalimu akiwa amesimama, bila shaka unajua sababu. Wabusu wajukuu wote, na mkwe wako mpe salamu nyingi za shukrani. Mwandiko wake ni mzuri sana, ila kwenye bahasha ijayo nisiuone. Andika wewe, hata likiwa neno moja, hata likichukua ukurasa mzima.

Mungu akujalie asubuhi nyepesi.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye na nisiyetulia,

Kasuku
(mpaka utakaponipa jina jingine)