Njia ya Kupandia Ukumbini

Shemeji yangu mpendwa,

Sisi wazima. Paa la jikoni halivuji tena, na jirani anakusalimu.

Ukumbi wa mtaa umekamilika. Unaijua desturi yetu: mhandisi alichora, mimi nikajenga, kisha marehemu dada yako akaipanda njia ya mlangoni na kiti chake cha magurudumu bila kusukumwa. Akikwama, tulibomoa. Safari hii mhandisi alisema vipimo vinatosha.

"Nani atapanda sasa, fundi?" akaniuliza.

Nikakileta kiti, nikakaa mwenyewe. Nilipofika katikati mikono iliishiwa nguvu, kiti kikaanza kurudi nyuma. Mhandisi akakidaka.

"Mkeo angetutukana leo."

"Angetucheka kwanza," nikamwambia.

Jumatatu tunabomoa. Njia itakuwa ndefu zaidi, isiwe na mwinuko mkali.

Kiti nimempa mshonaji wa mtaa wa pili, ambaye miguu yake haina nguvu, ili awe anatupimia kazi zetu. Amekubali. "Lakini mkinijengea mlima, mtanibeba wenyewe!"

Nimefurahi, shemeji. Ila kila asubuhi nikiamka, bado ninapazunguka pale kando ya kitanda kiti kilipokuwa kikikaa.

Nisalimie mama.

Shemeji yako,
Fundi