Turubai Linangoja Mvua

Ngaremara, Isiolo
12 Machi 1983

Kwa mjukuu wangu Lokorio,

Uko mzima? Unakula? Mimi niko, ni magoti tu yanalalamika. Anayeandika ni Raho, binti wa dukani, kwa sababu mkono wangu unajua kukamua tu. Nimemwambia aandike kila neno, hata yale mabaya.

Mahamud, yule dereva, ameshusha mzigo wako kutoka kwa lori. Nilidhani umenitumia ng'ombe aliyekufa. Kumbe ni hema. Lokorio, tangu lini mwanaume akampa mwanamke nyumba? Kwetu mwanamke ndiye anajenga, na mwanaume anaomba mlango. Majirani wamecheka mpaka wakakaa chini. Najua umesikia niliuza ngozi za kufunikia nyumba. Ni kweli, niliuza, tukala. Aliyekuambia, ulimi wake uote malengelenge.

Lakini nimelipokea kwa sababu ni lako. Lilikuwa linanuka kuvu na miguu ya wazungu. Nimelipeleka mtoni nikalisugua kwa sabuni ya unga mpaka likawa jeupe kama jino. Sasa wale waliocheka wanakuja kuliangalia.

Mahamud anasema unakohoa. Njoo unywe maziwa.

Ni mimi Ata wako,
Akuam


Nanyuki
2 Aprili 1983

Kwa nyanya yangu, Ata Akuam,

Nakusalimia wewe, magoti yako, mbuzi wako, na Raho anayekusomea. Mimi ni mzima, ila nimekukumbuka sana.

Ata, sabuni! Nimecheka, halafu nikashika kichwa. Kazi yangu hapa karakanani ndiyo hiyo, kusafisha mahema ya watalii na kuyapaka dawa yasivuje, na kitu cha kwanza nilifundishwa ni kwamba sabuni ni adui. Turubai linapigwa vumbi likiwa kavu, linasuguliwa kwa brashi na maji baridi matupu, halafu linaachwa likauke kabisa. Sabuni inatoa dawa yote ya zamani, na ile inayobaki kwenye uzi inaita maji. Sasa hema lako ni chujio la chai.

Lisuuze tena na tena mpaka povu liishe. Ukimaliza, tafadhali, usilifanyie kitu kingine.

Kikohozi ni moshi tu wa nta tunayopaka mahema. Kinakuja na kwenda.

Mjukuu wako,
Lokorio


Ngaremara
9 Mei 1983

Lokorio wangu,

Habari ya huko kwenye baridi? Sisi tuko, hatujambo kidogo.

Mvua ya mwezi uliopita ilikuwa mate ya mtoto, lakini hema lililia lote, juu na pembeni. Nimelala nimejifunika sufuria kichwani. Raho anacheka badala ya kuandika.

Basi nikafikiri. Ngozi ikikauka tunaipaka mafuta. Mwili ukikauka tunaupaka mafuta. Turubai ni nani lisipakwe? Nikachukua mafuta ya kondoo, nikalipaka lote, mikono yangu yote miwili. Maji yakateleza, wallahi, kama anavyosema Raho. Nikajisifu.

Halafu wakaja mbwa. Mbwa wa Ngaremara yote, na wengine sijawahi kuwaona, nadhani walitembea kutoka Bulla Pesa, kule Isiolo mjini. Walilamba nyumba yangu mchana kutwa. Mmoja amekula kona. Nimewapiga na mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Usinicheke, mimi nimekulea.

Njoo ulitengeneze mwenyewe. Na uje na mwili, usije na mifupa.

Ata


Nanyuki
30 Mei 1983

Ata wangu mpendwa,

Salamu kama kawaida, na pole kwa mwiko. Niliwasomea wenzangu barua yako wakati wa chai, na msimamizi akaanguka kutoka kwa kiti. Sasa kila hema likija hapa na tundu wanasema, "Hili limepita kwa nyanya ya Lokorio."

Nimepewa likizo Agosti. Nitakuja na nta, brashi, na kipande cha turubai cha kuziba pale mbwa alipokula. Usiyeyushe kitu bila mimi. Nta inayeyushwa kwenye kopo lililokaa ndani ya maji ya moto, halafu unaliondoa mbali na jiko ndipo utie mafuta ya taa. Moto na mafuta ya taa hawalali kitanda kimoja.

Ni mimi,
Lokorio


Ngaremara
4 Septemba 1983

Mjukuu wangu,

Ulifika salama? Shingo yako nyembamba ilibeba kichwa mpaka Nanyuki? Mimi ni mzima, lakini nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke.

Kila anayepita barabarani anasimama kuangalia hema. Nawaambia, mjukuu wangu ndiye alisugua yale mafuta yote ya kondoo yakatoka, akaliacha siku nzima kwenye jua, akalipaka nta kwa brashi mshono kwa mshono. Siwaambii vile ulivyofanya kazi kidogo ukapumzika, ukafanya kidogo ukapumzika. Ulipofika upande wa mlango uliegemea turubai kwa mkono mmoja, ukapaka kwa mwingine. Nikakuambia, "Wewe mzee, nikuletee fimbo?" Ulicheka, ukaendelea kupaka.

Kopo la nta uliloacha liko chini ya kitanda. Nimeelewa: nikiona mahali panavuja, napaka tena.

Lokorio, mimi sijasoma, lakini mbuzi mgonjwa namjua akiwa bado mbali. Rudi nyumbani. Nyumba iko. Mwanaume anaomba mlango, na wewe nimeshakufungulia.

Ata wako


Nanyuki
20 Oktoba 1983

Kwa Ata,

Nilifika salama, na natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu za kutukana watu.

Nitarudi. Nataka nikuambie kitu, usimwambie mtu. Miaka hii yote nimepaka dawa mahema ya watu, na sijawahi kukaa ndani ya hata moja mvua ikinyesha. Wanakuja, wanayachukua, wanaenda nayo. Mimi nabaki hapa chini ya mabati. Sijui mvua inaliaje juu ya kazi yangu. Nataka kuisikia pale kwako. Mawingu yakianza kukusanyika, mwambie Mahamud aniambie. Mvua ya kwanza nitakuwa ndani pamoja nawe, tukinywa chai.

Kumbuka, ikinyesha usiguse turubai kwa ndani. Pale unapogusa maji yanapata njia.

Mjukuu wako,
Lokorio


Ngaremara
17 Februari 1984

Lokorio,

Habari ya kifua? Nauliza kifua, siulizi wewe, kwa sababu wewe utanidanganya.

Mvua iliyosemwa haikuja. Hema limesimama zuri kama bibi arusi aliyekimbiwa. Mbuzi wanakula katoni dukani kwa baba yake Raho. Yule mweupe uliyempenda alilala jana, hakuamka.

Usingoje mawingu. Njoo hivyo hivyo, kavu.

Ata


Nanyuki
11 Juni 1984

Ata wangu,

Salamu nyingi. Naendelea vizuri. Nimepumzishwa kazi kidogo. Hapa mawingu yako juu ya mlima, nayatazama kila siku na kuyaambia yashuke kwenu.

Imenyesha huko?

Lokorio


Ngaremara
3 Agosti 1984

Mjukuu wangu,

Haijanyesha. Raho anasema herufi zako zimelala upande kama ua la boma lililosukumwa na ng'ombe. Nani anakupikia? Jibu hilo tu.

Ata


Ngaremara
26 Septemba 1984

Lokorio, ni Ata. Hujajibu. Mahamud hajapita. Jibu.


Ngaremara
18 Novemba 1984

Lokorio, mtoto wa mtoto wangu,

Leo sikuulizi habari ya afya. Raho ameniuliza barua hii inatumwa wapi. Nimemwambia, kalamu ni yako, mdomo ni wangu, andika.

Mahamud alileta sanduku lako la bati. Alisimama nje ameshika kofia, nikajua kabla hajasalimia. Amesema ni kifua, na kwamba ulijua tangu mwaka ule wa mbwa. Wamekuzika huko huko, kwa sababu yeye alikuwa safarini, na hakuna mwingine aliyejua nyumba ya nyanya yako ni ipi. Wangeuliza tu nyumba ya turubai, Ngaremara. Mbwa yeyote angewaonyesha.

Nimekukasirikia. Bado nimekasirika. Nilikufungulia mlango.

Jana mvua ilikuja. Nilichemsha chai, nikamimina vikombe viwili, nikakaa. Uliuliza inaliaje, basi nikuambie. Si kama juu ya mabati, kelele za wanawake sokoni. Juu ya turubai inaongea chini chini, kama mtu anayesimulia akijua unamsikiliza. Mishono haikuvuja. Pale mbwa alipokula hapakuvuja. Kazi yako ni nzuri, Lokorio. Nimeisikia yote, sikusinzia.

Halafu upande wa mlango nikaona unyevu. Kwanza kidoa. Kikaota vidole. Kikawa mkono mzima, wa kushoto, umefunguka. Ni pale ulipoegemea siku ile. Ulipaka ukazunguka kiganja chako mwenyewe, na chini yake dawa haikuingia. Mimi nikakuita mzee. Kumbe ulikuwa umeshikilia nyumba usianguke.

Ulisema nisiguse kwa ndani. Nimegusa. Nimeweka mkono wangu juu ya ule wako, maji yakanishuka mpaka kwenye kiwiko, na sikuutoa mpaka mvua ikaisha.

Raho amelivuta lile kopo la nta, anasema tupake kabla mvua nyingine haijaja. Nimelirudisha chini ya kitanda.

Pavuje.

Ata wako,
Akuam